Jinsi ya Kutunza Nakala za Picha na Mafaili Nyumbani, kwa Mtu wa Kigoma

"Mama, humu kuna vitu vyako vya muhimu?" Fundi huuliza hivyo kabla ya kupiga Windows upya, na jibu huwa linachelewa. Vya muhimu ni vyote, na vyote vimo humo humo. Mwongozo huu ni wa kukuwezesha kumjibu bila kuwaza: piga tu, nakala ninazo.

Kanuni inayotumiwa na watu wa kazi hii inaitwa 3-2-1: nakala 3 za kila faili, kwenye vifaa vya aina 2, na nakala 1 ikae nje ya nyumba. Namba ni rahisi kukariri, lakini cha kushika ni maana yake: tukio moja lisiweze kuzifikia nakala zote. Hesabu matukio ya hapa kwetu. Radi inapiga nguzo na kila kilichochomekwa ukutani kinaungua. Mwizi anabeba begi la laptopu, na diski ya nje imo kwenye mfuko wa pembeni wa begi hilo hilo. Mwaka 2020 na 2021 Ziwa Tanganyika lilipojaa, maji yalipanda hadi sehemu za mwambao zilizozoeleka kuwa kavu. Virusi vinafunga mafaili ya kompyuta pamoja na ya flashi iliyochomekwa wakati huo. Mtoto anafuta albamu kwenye simu, na simu kwa utii wake inaifuta hadi kwenye wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni. Ukiwa na nakala 5 ambazo tukio moja linaweza kuzimaliza, una nakala 1.

Vya kununua na vya kuacha

Kwa familia ya kawaida nunua diski za nje 2 za TB 1 kila moja, zile ndogo za inchi 2.5 zinazopata umeme kupitia waya wa USB bila adapta. Kupima kama TB 1 inatosha, tumia hesabu hii: picha ya simu ina MB 3 hadi 5, dakika 1 ya video ya 1080p ina kama MB 130, na ya 4K inakaribia MB 400. Picha 10,000 basi ni kama GB 40 tu. Kinachojaza diski ni video za harusi na ngoma. Usishtuke Windows ikikuonyesha GB 931 badala ya 1,000, hujaibiwa. Kiwanda kinahesabu kwa 1,000 na Windows inahesabu kwa 1,024.

SSD ya nje, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, ina kasi na haiogopi kuanguka, ila ikikaa kabatini muda mrefu bila umeme, chaji inayoshika data hupungua polepole. Kwa kazi ya kukaa kabatini diski ya kuzunguka inafaa zaidi, na kwa ukubwa ule ule bei yake iko chini. Udhaifu wake ni kudondoka. Ikidondoka inapozunguka, kichwa cha kusomea kinaweza kukwaruza sahani za ndani, na hapo hakuna programu itakayokusaidia. Iweke mezani kabla ya kuichomeka, iwe imelala, mbali na ukingo, na waya usining'inie mahali mtoto anapopita.

Flashi ni ya kubebea, si ya kutunzia. Tena flashi na memori kadi bandia ni nyingi: kipande cha ndani kina GB 16, lakini kimepangwa kiiambie kompyuta kwamba kina GB 256. Unanakili vizuri, majina ya mafaili yanaonekana yote, na siku ya kufungua unakuta kila kilichoingia baada ya zile 16 ni takataka. Dawa ni kuijaza yote na kuisoma yote kabla ya kuiamini. Kwenye Windows kuna programu ya bure, H2testw, inayoandika mafaili ya GB 1 hadi kifaa kijae kisha inayasoma upya moja moja. Hakikisha kifaa ni kitupu kwanza. Ujumbe unaoutaka mwishoni ni "Test finished without errors". Kwa Linux na Mac kuna F3, inafanya kazi ile ile. Flashi ya GB 64 inayoandika MB 10 kwa sekunde itachukua karibu saa 2 kuandikwa, halafu kuna muda wa kusoma, kwa hiyo usiipime ukiwa umesimama dukani. Kubaliana na muuzaji kwamba utairudisha ikifeli. Ukiona diski ya kubebeka ya TB 16 inauzwa kwa bei ya flashi, pita.

Diski mpya ifomati mwenyewe. Utaulizwa mtindo wa kupanga mafaili kwenye diski. Kama nyumbani mnatumia Windows tu, chagua NTFS. Ina daftari lake la ndani la mabadiliko, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya kunakili ina nafasi nzuri ya kujirekebisha. Kama kuna Mac pia, chagua exFAT, ambayo zote mbili zinaandika, ila haina daftari hilo na kuichomoa kwa pupa kunaiumiza zaidi. FAT32 iache, haipokei faili linalofika GB 4, na video ya harusi inavuka hapo mapema. Mara ya kwanza ondoa alama kwenye "Quick Format". Windows itapitia diski nzima kutafuta sehemu mbovu, kazi ya karibu saa 3 kwenye tundu la USB 3.0, na karibu usiku kucha kwenye USB 2.0. Tundu la USB 3.0 mara nyingi lina ulimi wa bluu ndani yake.

Kusanya kwanza, nakili baadaye

Kazi nyingi za kutunza nakala hushindikana kwa sababu vitu vimetawanyika: vingine viko Desktop, vingine Downloads, vingine kwenye simu ya baba na memori kadi iliyo ndani ya kikombe kabatini. Fungua folda moja kwenye kompyuta, C:\NYUMBANI, na ndani yake folda 3: Picha, Hati, Kazi. Chochote kisichoingia humo kihesabu kuwa unaweza kukipoteza.

Hapa pana kosa moja la kila siku. Watu huhamishia vitu kwenye D wakadhani wametunza nakala. Kwenye laptopu nyingi C na D ni diski moja iliyogawanywa, kama vyumba viwili chini ya bati moja. D inasaidia siku ya kupiga Windows, tena fundi akiwa makini. Diski ikifa, C na D zinakufa pamoja.

Folda za picha zianze na tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku: 2024-12-28_Harusi-Gungu, 2025-04-06_Ubatizo-Ujiji. Ukianza na mwaka, kompyuta inazipanga yenyewe kwa mfululizo wa matukio. Ukianza na siku, harusi ya tarehe 02 ya mwaka huu itakaa jirani na msiba wa tarehe 02 wa miaka 6 iliyopita. Usiingie kwenye anasa ya kuchambua picha nzuri na mbaya sasa hivi. Ukitaka kuchambua kwanza, hutanakili kamwe.

Kwenye Hati weka picha safi au skani za vyeti vya kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, vyeti vya shule, hati ya kiwanja, kadi za kliniki za watoto na mikataba ya upangaji. Skani haichukui nafasi ya cheti halisi mbele ya ofisi, ila ina namba zote, na namba ndizo unazoulizwa unapoomba kingine.

Kutoa picha kwenye simu

Simu ya Android: chomeka kwa waya, fungua kioo, vuta menyu ya juu, bonyeza taarifa ya USB na uchague "File transfer". Kama simu inachaji tu bila kuleta chaguo hilo, badilisha waya kabla ya kulaumu simu. Nyaya nyingi za bei rahisi zina njia za umeme peke yake na hazina za data. Kwenye kompyuta fungua "This PC", ingia kwenye jina la simu, kisha DCIM, kisha Camera.

Chagua Copy. Usichague Cut hata kama simu imejaa inalia. Waya ukitikisika katikati ya Cut, faili linaweza kukosekana kote kuwili. Nakili kwa mafungu ya picha 500 hivi, kwa sababu njia hii ya waya hukwama ikipewa maelfu kwa pamoja, na ikikwama huwezi kujua imeishia wapi. Kila fungu likimaliza, linganisha idadi.

Picha za WhatsApp hazimo DCIM. Kwenye simu za sasa ziko Android, kisha media, kisha com.whatsapp, WhatsApp, Media, WhatsApp Images. Video ziko jirani yake. Jua pia kwamba picha iliyopita WhatsApp kwa njia ya kawaida imebanwa na kupunguzwa. Shangazi aliyepiga picha za send-off akikutumia kwa WhatsApp, amekupa kivuli cha picha. Mwombe azitume kama dokumenti, hapo zinafika zilivyo, au mkutane na flashi.

iPhone: kwenye mipangilio ya Photos, chini kabisa, chagua "Keep Originals" kabla ya kuchomeka. Chaguo lingine huitaka simu igeuze picha moja moja zikiwa njiani, na hapo ndipo uhamishaji hukatika.

Usifute chochote kwenye simu siku hiyo. Utafuta baada ya diski zote 2 kupata nakala na kukaguliwa. Na simu isiende kwa fundi kuflashiwa kabla ya hapo, kwa kuwa kuflashi kwa kawaida hufuta kumbukumbu yote ya ndani.

Picha za karatasi

Za albamu ziskani kwa dpi 300 (nukta kwa kila inchi) kama ni kubwa, na dpi 600 kwa zile ndogo za pasipoti na za saizi ya kiganja. Huna skana? Ilaze picha sakafuni karibu na dirisha wakati jua halipigi moja kwa moja, zima flashi ya kamera, simama juu yake simu ikiwa sambamba na karatasi, piga mara 2. Iliyoganda kwenye plastiki ya albamu usiivute. Ipige ikiwa humo humo. Negativu usizitupe. CD na DVD za harusi kutoka studio zinakiliwe mwaka huu, maana laptopu mpya haziji tena na sehemu ya kuchezea CD, na disiki za kuchoma hufifia. Nakili folda yote ya VIDEO_TS, siyo faili moja ndani yake.

Kunakili kwenye diski

Unaweza kuburuta folda kwa mausi, na mara ya kwanza hakuna ubaya. Mara ya pili itakuuliza maswali ya kubadilisha au kuruka kwa kila faili, ukijibu vibaya umefunika kipya kwa cha zamani. Windows ina chombo chake cha kazi hii kinachoitwa robocopy. Kinanakili kilicho kipya tu na kuacha kile ambacho tayari kipo.

Kwanza ipe diski herufi isiyobadilika. Bofya kwa kitufe cha kulia cha mausi kwenye alama ya Windows, fungua Disk Management, bofya diski ya nje kwa kitufe hicho hicho, chagua "Change Drive Letter and Paths" na uipe N. Fanya hivyo kwa zote 2, kila moja kwa zamu yake. Kisha fungua Notepad na uandike mistari hii miwili:

robocopy C:\NYUMBANI N:\NYUMBANI /E /XO /FFT /R:1 /W:1 /TEE /LOG:N:\ripoti.txt
pause

Ihifadhi Desktop kwa jina nakili.bat, pale chini chagua "All files", vinginevyo litakuwa nakili.bat.txt na halitafanya kazi. /E inachukua folda zote za ndani, hata tupu. /XO inakataa kufunika faili jipya kwa la zamani. /FFT inavumilia tofauti ndogo za saa kati ya aina za diski. /R:1 na /W:1 zinasema: ukishindwa, subiri sekunde 1, jaribu mara 1, endelea. Usiziache hizo, kwa sababu robocopy isipoambiwa hujaribu faili bovu mara milioni 1, ikisubiri sekunde 30 kila mara, na wewe utadhani imeganda.

Mitandaoni utaona wengi wakipendekeza /MIR. Hiyo huifanya diski ifanane kabisa na kompyuta, pamoja na kufuta kwenye diski kile kilichofutwa kwenye kompyuta. Ukikosea ukafuta folda ya 2019 leo, kesho /MIR inakufutia na nakala. Iache.

Ikimaliza, angalia jedwali la mwisho. Kuna safu ya Total, Copied, Skipped, Mismatch, FAILED na Extras. Inayokuhusu ni FAILED, iwe 0 kwenye kila mstari. Ikiwa 3, fungua ripoti.txt iliyo kwenye diski utafute neno ERROR. Mara nyingi utakuta faili lililokuwa limefunguliwa kwenye programu nyingine. Lifunge, bofya nakili.bat tena. GB 100 kwa mara ya kwanza kupitia USB 2.0 ni karibu saa 1. Mara zinazofuata ni dakika chache.

Kisha itoe diski kwa njia yake, alama ya USB pale pembeni mwa saa, "Eject", usubiri taa itulie. Windows ikikataa ikisema diski inatumika, funga madirisha yote. Bado ikikataa, zima kompyuta ndipo uchomoe. Na uchomoe kweli. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilifunga mafaili ya kompyuta katika nchi nyingi kwa siku chache, na virusi vya jamii hiyo hutafuta kila diski iliyochomekwa. Isiyochomekwa havifiki.

Kukagua

Windows huonyesha vijipicha vidogo hata faili lenyewe likiwa limeharibika, kwa sababu kijipicha kimehifadhiwa pengine. Kwa hiyo kutazama folda na kuona nyuso hakutoshi. Fungua picha 10 za miaka tofauti hadi zijae kioo. Picha iliyokatika njiani utaijua: juu kuna kichwa cha bibi harusi na shela, halafu kuanzia mabegani hadi chini ni kijivu kitupu. Cheza video 1 urukie dakika ya mwisho. Fanya haya kwenye kompyuta nyingine, ya jirani au ya ofisini, ili ujue diski inasomeka hata yako ikiwa haipo.

Kisha linganisha idadi: bofya NYUMBANI kwa kitufe cha kulia, Properties, usome idadi ya mafaili na ukubwa kwa "bytes". Kwenye diski inaweza kuwa zaidi, kwa kuwa kuna vya zamani ulivyofuta kwenye kompyuta. Isiwe pungufu.

Mara 2 kwa mwaka ipime diski afya kwa programu ya CrystalDiskInfo. Rangi ya bluu ni nzima, njano ni tahadhari, nyekundu ni mbovu. Ukiona njano kwenye mistari ya "Reallocated Sectors Count" au "Current Pending Sector Count", diski imeanza kupoteza sehemu zake. Inaweza kuishi miezi au wiki. Nunua nyingine.

Diski ya pili ilale nyumba nyingine

Ziandike kwa kalamu ya maka: A na B. A inakaa kwako. B inalala kwa mtu unayemwamini katika nyumba nyingine: kama wewe uko Kibirizi, basi Mwanga au Ujiji, kama ndugu yuko Kasulu, bora zaidi. Chumba cha pili hakihesabiki, wala banda la uani.

Kila mwezi, kabla ya kunakili, fungua picha kadhaa kwenye kompyuta ujiridhishe kwamba mafaili ni mazima. Nakili kwenye A. Ukienda kumsalimia mwenye B, peleka A, rudi na B, inakuwa zamu ya B kupokea. Hivyo kosa lililoingia kwenye diski moja linasubiri safari nzima kabla ya kugusa nyingine, na wewe una muda wa kuligundua. Mkipishana miezi 2 si neno. Mkipishana mwaka, umepoteza mwaka.

Njiani ifunge kwa kitenge mara 3, iweke kwenye kibegi mapajani, hasa kwenye bodaboda. Ikilazimu itumwe kama kifurushi cha basi, iwe ndani ya boksi gumu lenye nguo pande zote, na uhakikishe nakala nyingine iko nzima kabla basi halijaondoka.

Je, uifunge kwa neno la siri? Picha za familia tunashauri zisifungwe. Siku mwenye neno akitangulia mbele za haki, watoto watabaki na chuma. Folda ya Hati ndiyo ifungwe. Sakinisha 7-Zip, programu ya kufunga mafaili, bofya Hati kwa kitufe cha kulia, "Add to archive", chagua 7z, andika neno la siri, weka alama kwenye "Encrypt file names". Faili hilo lihifadhi ndani ya NYUMBANI, na folda ya Hati iliyo wazi ihamishe nje yake ili robocopy isiibebe. Neno la siri liwe maneno 4 au 5 yasiyohusiana, kama kitunguu-reli-mwavuli-42-jembe, ila siyo hilo, limeshasomwa na wengi. Liandike kwenye karatasi, ndani ya bahasha, pamoja na vyeti halisi. Likisahaulika hakuna wa kukufungulia.

Na angalia jambo hili kwenye laptopu mpya za Windows 11: nyingi hufunga diski ya ndani zenyewe bila kuuliza. Ubao mkuu wa laptopu ukifa, diski haisomeki kwenye mashine nyingine bila ufunguo wa tarakimu 48 uliohifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Ingia, uuchapishe, uuweke kwenye bahasha ile ile.

Wingu, kwa kiasi

Akaunti ya Google inatoa GB 15 bure, na hizo zinagawanywa kati ya Gmail, Drive na Photos. Tangu Juni 1, 2021 picha zilizopunguzwa nazo zinahesabiwa. Kupandisha GB 15 kwa mtandao wa megabiti 2 kwa sekunde ni karibu saa 17 mfululizo, mbali na bando. Kwa hiyo wingu lipe kazi ndogo: lile faili la 7z lenye hati, na picha 300 au 500 ambazo ungezililia. Hiyo ni GB 1 au 2, inapanda usiku mmoja.

Weka Photos ipandishe kwa Wi-Fi tu, la sivyo bando la wiki litaisha asubuhi. Kumbuka kwamba kufuta picha ndani ya programu ya Photos kunaifuta na kwenye wingu. Hukaa kwenye pipa siku 60 kisha inakwenda. Kitufe cha kupunguza vilivyojaza simu bila kugusa wingu ni "Free up space", ni kingine kabisa. Akaunti isiyoguswa miaka 2 inaweza kufutwa, kwa hiyo ya mzee iliyofunguliwa na kusahauliwa iingiwe angalau mara moja kwa mwaka. Washa uthibitisho wa hatua 2, halafu chapisha zile namba 10 za akiba zenye tarakimu 8, kwa sababu laini ikipotea utafungiwa nje ya akaunti yako mwenyewe. Ziende kwenye bahasha.

Umeme, mvua na vumbi

Kuanzia Novemba hadi Aprili usinakili wakati kuna ngurumo. Zima, chomoa laptopu ukutani, chomoa diski. Kidhibiti umeme cha friji au TV kinasaidia umeme unapopanda na kushuka. Radi ya karibu haijali kidhibiti. Laptopu yenye betri nzuri inaweza kunakili bila kuchomekwa ukutani kabisa, na hiyo ndiyo njia salama kuliko zote. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba) isubiri siku umeme umetulia.

Diski itunze ndani ya kontena la plastiki lenye kifuniko kinachobana, pamoja na pakiti 3 au 4 za silika zile zinazokuja kwenye viatu na mabegi mapya. Pakiti hizo zikaushe juani mwanzo wa kila kiangazi. Kontena lisikae juu ya kabati chini ya bati, ambako mchana ni tanuri, wala sakafuni. Ukitoka nayo mahali pa baridi ukaingia kwenye joto la ziwani, iache nusu saa ndani ya begi kabla ya kuichomeka, ili mvuke usigande ndani.

Ikianza kugonga

Mlio wa kawaida wa diski ni mvumo hafifu. Ukisikia tik, tik, tik kwa mpigo sawa, halafu kimya, halafu tena, chomoa hapo hapo. Jaribu waya mwingine na tundu lingine mara 1 tu, maana umeme hafifu wa USB nao huleta mlio huo. Mlio ukirudi, acha. Usiifungue kwa bisibisi, usiigonge, usiiweke kwenye friji. Kama ni picha zilizofutwa kwenye memori kadi nzima, ni habari nyingine: itoe kwenye simu au kamera mara moja usipige picha nyingine, na uiendeshee PhotoRec, programu ya kuokoa picha zilizofutwa, kwenye kompyuta, ukielekeza picha zinazookolewa ziandikwe kwenye diski tofauti.

Diski A ikifa, usikimbilie kuchomeka B ili ujiridhishe tu kwamba picha zipo. Kwa wakati huo B na kompyuta ndizo umebaki nazo. Nunua diski mpya, ipime, ifomati, nakili kutoka kwenye kompyuta kwanza. B ije baadaye siku isiyo na mvua, kwa ajili ya vile tu ambavyo kompyuta haina, kisha irudi ilikotoka siku hiyo hiyo.